Jaketi la Arubaini

Uliiona ile video, usijifanye. Ilikupitia asubuhi moja ukingoja chai ichemke: boti jekundu la mpira linashuka kwenye korongo, mawe yamesimama pande zote mbili kama kuta za jela, maji yanachemka meupe, boti linabinuka, na kichwa kimoja chenye helmeti ya bluu kinaibuka, kinazama, kinaibuka tena. Nyuma ya kamera mtu anacheka. Si Mzungu, usianze kumtafuta Mzungu. Ni mtu wetu wa ofisini, aliyeletwa na kampuni yake kujiburudisha. "Cheki huyo, anaogelea kama paka," anasema. Na wewe ukacheka kidogo. Kisha ukaendelea mbele, ukamtazama mwanamke anayepika pilau. Hukungoja kuona kama kile kichwa kingeibuka mara ya tatu.

Hakikuibuka.

Kilikuwa kichwa cha Ramzy Abdelrahim, kijana wa Kibera, Mnubi wa Makina. Aliyeitazama ile video hadi mwisho, akairudia na kuirudia hadi simu ikazimika mkononi, ni dada yake, Jawahir, anayeuza samosa kando ya reli Laini Saba.

Ramzy alijifunza kuogelea kwenye kwari, shimo la machimbo ya mawe lililojaa maji, kama watoto wengi wa Kibera ambao mama zao hawakujua walikoshinda. Kwari haina mlinzi wala kamba. Aliyetoka humo mzima alikuwa amefuzu. Ndipo alipochukuliwa na kampuni moja yenye yadi kule Kawangware, kampuni ya kuwapeleka wageni kwenye mto unaokata nchi kavu, mbali nyuma ya Kitui. Huko mvua hainyeshi. Inanyesha kwa watu wengine, kisha maji yake yanakuja kupita hapo kwa hasira, katikati ya miamba iliyoungua, na juu ya miamba hakuna hata mti wa kumfunikia maiti.

Haboba Fatna, bibi aliyewalea wote wawili, alipoambiwa habari ya hiyo kazi alitema mate kando. "Baba yangu alienda Burma kwa vita ya Mwingereza," alimwambia Ramzy. "Alirudi na medali, akaambiwa hata pale anapolala si pake. Wewe nenda. Lakini mimi sitaki medali. Rudi na mwili wako."

Kwenye huo mto kuna mahali ambapo vijana wa boti wamepaita Mama Mkwe, kwa sababu hutakiwi kumtazama usoni. Maji yanaingia kwenye mlango mwembamba wa mawe, yanaanguka, yanajirudia chini yake kama yamesahau kitu. Wageni hawapiti hapo. Wageni hushushwa kabla, wakapanda njia ya juu ya mwamba na simu zao. Boti ndilo lazima lipite. Ukiliacha lishuke peke yake linaweza kunasa kwenye jiwe likapasuka, na boti ni ghali, kwa hiyo vijana hukaa ndani yake kulilinda. Soma hapo tena. Mtu haendi kulindwa na boti. Mtu anawekwa ndani ili boti lisichubuke.

Siku hiyo boti halikuchubuka.

Meneja, Gachanja, alikuja matangani na kreti za soda na bunda la unga. Alikaa vizuri, akavua viatu mlangoni, akasema mbele ya wazee kwamba kampuni inalia, lakini marehemu hakufunga mikanda ya jaketi lake. Wazee wakasema ni mapenzi ya Mungu. Jawahir alitaka kuuliza, mtu akamfinya mkono.

Jaketi lenyewe lilirudi kutoka mochari ndani ya gunia, pamoja na viatu. Lilikuwa jekundu, kitambaa kipya, uzi wa njano. Jawahir alilianika kwenye waya nyuma ya nyumba na likakaa hapo juani likawa jepesi kama kitambaa cha kichwa. Siku ya arubaini ilipofika, karama, chakula cha kumwombea marehemu, ikapikwa, nguo za Ramzy zikatolewa kwa maskini na kwa rafiki, kama desturi. Kwa hilo jaketi Haboba alikuwa na neno lake. Nguo aliyofia mtu, alisema, humwendea aliyemwinua alipoanguka. Ndivyo walivyofanya wazee wake. Aliyemwinua Ramzy kutoka majini ni Kilonzo, Mkamba wa Kawangware, mwenzake wa boti moja.

Kilonzo alivua kofia, akalia bila kujificha, akanyoosha mikono. Haboba akamvalisha yeye mwenyewe, akamfunga mikanda mmoja mmoja kama anayemvalisha mtoto wa shule.

"Nitaivaa mpaka iishe, Haboba," alisema Kilonzo.

"Ikulinde," alisema Haboba, na watu wote wakasema amina.

Wiki iliyofuata Jawahir alikwenda kwa fundi Mutuku, mwenye kibanda cha viti na magodoro papo hapo Laini Saba, treni ikipita unaweza kuipiga kofi. Alitaka mto wa kukalia, wa benchi la wateja wake.

"Niaje, Mama Samosa," alisema Mutuku bila kuinua macho kwenye cherehani.

"Poa, fundi. Wateja wanalia mbao inawauma."

"Wanalia nini? Kwao kuna sofa?"

"Kwao kuna mawe, lakini hawalipii."

Mutuku akacheka, akainama kutafuta mabaki ya kitambaa. Alichotoa kilikuwa chekundu, na pembeni yake kulikuwa na mshono wa njano.

Jawahir alikishika. Alikigeuza, akakigeuza tena.

"Hii umetoa wapi?"

"Aah, hiyo." Mutuku alinyoosha mgongo, maana alikuwa ameulizwa jambo la fahari. "Hiyo ni kazi ya maana nilipata kitambo. Jamaa mmoja anaitwa Gachanja alikuja na pikapu imejaa majaketi ya sare. Panya wamekula ndani, ile kitu ya ndani imekuwa unga. Akaniambia toa uchafu, jaza, valisha kitambaa kipya, zionekane nono kwa picha. Wengine wangejaza matambara. Mimi nilimwekea sponji nzito, ile ya godoro ya mtu anayeumwa mgongo. Kazi safi."

"Alisema ni za nini?"

"Sare ya wafanyikazi. Nikajua ni wale vijana wa pikipiki wa mahoteli. Ukianguka na hiyo kifua hakiumii. Hata nilijaribu moja, nikajitupa hapo chini, bibi yangu akadhani nimeshikwa na kifafa. Ni kama umeanguka kitandani."

"Fundi, hizo ni za maji."

"Za mvua?"

"Za mto. Za kumfanya mtu aelee."

Mguu wa Mutuku ukatoka kwenye cherehani. Treni ya mizigo ilikuwa ikipita, na kwa muda hawakuweza kusikizana hata kama wangetaka. Ilipoisha, Mutuku alikuwa amekaa juu ya rundo la sponji, mikono magotini.

"Sponji haielei," alisema. "Inaelea kidogo halafu inakunywa. Wewe ni dadake yule kijana aliyezama?"

"Ndiyo."

"Angeniambia ni za maji..."

"Ungeshona?"

"Singeshona. Wallahi, hata mimi si wa dini yenu, lakini wallahi singeshona."

"Ndiyo sababu hakukuambia. Za wageni pia ulijaza?"

"Za wageni hazikuletwa. Alisema hizo ni mpya."

Jawahir hakuaga. Alikuwa ameshatoa simu, anampigia Kilonzo, na ile sauti ya mwanamke inamwambia mteja hapatikani. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Kila Jumamosi alfajiri lori la kampuni huondoka na maboti na vijana kuelekea mtoni. Na Kilonzo, kwa adabu yake, angeingia kwa Mama Mkwe amevaa godoro lililoombewa dua na ukoo mzima.

Alipanda boda hadi Kawangware. Njia nzima alimpigia Kilonzo tena na tena.

Mumbua, mkewe Kilonzo, alikuwa mlangoni akikunja nguo za watu. Huwafulia matajiri wa Lavington. Kilonzo alikuwa ndani akifunga begi. Jaketi lilining'inia kwenye msumari juu ya kitanda, limefutwa vumbi.

"Sister, karibu," alisema Kilonzo. "Simu yangu imekufa, stima hakuna. Haboba yuko salama?"

"Yuko salama. Leta hiyo jaketi."

"Unaitaka? Nimewakosea?"

"Leta, tuitie maji."

Alimweleza yote akiwa amesimama. Kilonzo alisikiliza kichwa kimeinama, kisha akatikisa kichwa. Huyo Mutuku, alisema, pengine anazungumza juu ya jaketi zingine. Hii imepigwa dua. Hii ni ya ndugu yake.

"Dua haijazi sponji," alisema Jawahir. "Drum liko wapi?"

"Hiyo maji ni ya wiki," alisema Mumbua haraka. Kisha akawatazama wote wawili, akainuka na kulifunua mwenyewe.

Walifunga jiwe kwenye mikanda ya jaketi, jiwe la kusimamishia mlango, wakalishusha. Likaelea. Lilikaa juu ya maji limevimba, jekundu, zuri. Kilonzo alivuta pumzi kama mtu aliyeachiliwa na polisi.

"Si unaona? Bata kabisa. Sister, huzuni inafanya mtu aone vitu."

Jawahir alitazama jaketi likiyumba juu ya maji. Alikuwa anaanza kuona aibu. Ndipo Mumbua akasema, "Hiyo imelala tu. Wewe ukiwa kwa maji unalala hivyo kama mgeni wa harusi?"

"Maanake?"

"Mimi nafua mito ya viti vya watu. Ukiiweka tu, inaelea. Ukiifinya, ukaiachilia, hapo ndipo inakunywa, halafu huwezi kuinua." Akapandisha mkono wa sweta, akalifinya jaketi mara moja na kuliachilia. Mapovu yakatoka. Akalifinya tena, jinsi mawe yanavyomfinya mtu, jinsi mtu anavyojikunja na kujikunjua akitafuta hewa. Mapovu yakatoka mengi, yakapungua, yakawa moja moja.

Jaketi likashuka. Halikuzama kwa kishindo. Lilishuka polepole na jiwe lake hadi chini ya drum, likakaa hapo, na wao watatu wakasimama wakilitazama kama watu waliozunguka kaburi.

Jirani mmoja alipita, akauliza kama paka ameanguka ndani.

"Mikanda ilikuwa imefungwa," alisema Kilonzo.

Jawahir aligeuka.

"Mikanda ya Ramzy. Yote. Nilipomtoa ilikuwa imekaza kwa maji, nikafungua na meno. Gachanja alikuwa amesimama hapo juu yangu akiniangalia."

"Na ukaja kula karama yetu."

"Nilikuja."

"Ukanyamaza, watu wakisema kaka yangu alikuwa mzembe."

"Walinipa boti yake, Jawahir. Kabla hata hajazikwa waliniambia wewe ndio nahodha sasa. Nilijiambia nitasema baadaye, nikishakaa vizuri." Akajifuta uso. "Hakuna kukaa vizuri."

Jawahir angeweza kumtukana. Alikuwa na matusi ya Kinubi ambayo Haboba hutumia kwa watu wa kubomoa nyumba, matusi ya kumfuata mtu hadi kwa wajukuu. Aliyameza. Hasira alikuwa nayo ya kutosha, lakini vijana wengine wangepanda lori alfajiri wakiwa wamevaa magodoro, na mtu pekee waliyemwamini majini alikuwa huyu anayelia mbele ya drum.

"Mpigie," alimwambia. "Chukua simu yangu. Weka nje tusikie wote."

Gachanja alipokea haraka. Nyuma yake kulikuwa na muziki.

"Bosi, ni Kilonzo. Hizi jaketi zetu zina sponji ya godoro. Tumetia moja kwa maji sasa hivi, imezama."

Muziki ukapunguzwa.

"Tumetia, wewe na nani?"

"Mimi na mke wangu. Na dadake Ramzy."

"Kilonzo. Umeanza siasa?"

"Si siasa, bosi. Ni sponji."

"Kesho kuna wageni wa maana. Hizo jaketi ni za wafanyikazi, na wafanyikazi wanajua kuogelea, ama mlinidanganya nikiwaandika? Kama unaogopa maji sema, hapo Kawangware vijana wamejaa kwa kona wanangoja nafasi yako. Na hiyo jaketi uje nayo kesho. Ni mali ya kampuni."

"Ilikuwa ya Ramzy," alisema Jawahir.

"Pole sana, dada," alisema Gachanja, kwa ile sauti aliyokuja nayo matangani, na akakata.

Mumbua alikuwa wa kwanza kusema. "Sasa uende useme nini? Ukisusia, atapata mwingine. Huyo mwingine naye ana mama."

"Sisusii," alisema Kilonzo. "Naenda. Lakini drum linaenda pia."

Ndivyo alfajiri ya Jumamosi ilivyowakuta kwenye lango la yadi: Kilonzo na Mumbua wakiviringisha drum tupu barabarani, likipiga kelele za kuamsha wafu, Jawahir na jaketi begani, bado linadondosha maji, na fundi Mutuku, ambaye hakuitwa na mtu, aliyeuliza njia ya yadi ya Gachanja na kutoka Laini Saba kwa miguu na wembe wake wa kazi mfukoni. Waliliweka drum katikati ya lango, mahali lori lazima lipite.

Vijana walikuwa wameshapanda. Walikaa juu ya maboti yaliyokunjwa, wamevaa majaketi mekundu kwa sababu ya baridi, wanaonekana nono. Wageni walikuwa kwenye basi lao dogo, pembeni, majaketi yao mapya yamepangwa kitini kama abiria.

"Kilonzo, niaje, umekuwa muuza maji?" mmoja alipiga kelele kutoka juu, na wenzake wakacheka.

"Shuka, Riyadh," alisema Kilonzo. "Vua hiyo kitu."

"Na baridi hii?"

Mutuku hakungoja. Alipanda gurudumu la lori, akalishika jaketi la Riyadh hapo hapo kifuani mwake, akapitisha wembe. Sponji ya njano ikatoka kama matumbo. "Hii ni kazi yangu," alisema. "Mkono wangu huu. Mnione vizuri. Mimi nilidhani nyinyi ni watu wa pikipiki."

Kicheko kikaisha. Wengine walijishika vifua, wakajifinya, lakini hakuna aliyevua. Usiwacheke. Kila mmoja alikuwa na nyumba nyuma yake, na Gachanja alikuwa amesimama kwenye ngazi za ofisi na simu sikioni, macho yake yakipita kutoka sura moja hadi nyingine. Alisema, bila kupaza sauti, kwamba hicho ni kipande cha godoro ambacho mtu yeyote angeweza kukiingiza usiku; kwamba majaketi yanaelea, na asiyeamini ayajaribu.

"Tunayajaribu," alisema Jawahir. "Tupe maji."

Askari wa lango alitazama juu kwa Gachanja. Kisha akaenda, akafunga bomba la yadi, akatia ufunguo mfukoni.

Mumbua alitoka akakimbia na ndoo hadi kwa Filister, mama anayeuza maji kwenye kona, na Filister, aliposikia ni ya nini, akaja na yake pia. Ndoo mbili ndani ya drum ni dimbwi. Jaketi likiwekwa kwenye dimbwi linakaa tu, na Gachanja anaonyesha kwa kidole: si mnaona, linaelea. Riyadh ameshuka. Amesimama na jaketi lake lililopasuka, hajui arudi juu au abaki. Wengine wanamtazama yeye. Dereva amewasha injini. Watu wa kwenda kazini Lavington wanapita, wanageuza shingo, wanauliza ni nini, wanaendelea, kwa sababu wamechelewa, na wao pia wana mabosi.

Haboba amepigiwa simu. Anakuja na bakora yake na wazee wa Makina, lakini miguu yake ni ya zamani na Kibera si hapa.

Na wewe pia umesimama hapo unahesabu kama hili linakuhusu. Linakuhusu. Walipoambiwa waliorudi kutoka vita vya Burma kwamba shamba si lao, kuna waliosimama hivyo hivyo. Nyumba zilipobomolewa kupisha barabara, walisimama hivyo hivyo. Wanaosimama hawajawahi kupungua. Kinachopungua ni watu wanaobeba ndoo.

Maji ndani ya drum hayajafika hata magotini. Jaketi haliwezi kuzama mbele ya macho ya wale vijana mpaka drum lijae, na bila kuliona likizama hawatashuka, na wasiposhuka, jioni watakuwa kwa Mama Mkwe. Lori limeanza kusogea nyuma lipate nafasi ya kulisukuma drum. Jawahir ameketi chini, ameliegemea kwa mgongo. Chota maji kwako, yoyote, hata ya kufulia, ubebe ndoo uje umwage hapa, sasa hivi, kabla dereva hajatia gia.